Kiti Kinachojikokota: Tulipie Kujua, Tusilipie Kubadilisha Tu

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo, lakini nina hakika hawakuwa wameketi kwenye kiti cha umeme cha gari kuukuu wakisubiri kisogee mbele ili mguu ufikie breki. Majuzi nilikuwa nyumbani kwa wazazi nikamwona mama akibonyeza swichi ya kiti. Mota ikaguna. Kiti kikaanza kusogea kama ng'ombe mzee anayepelekwa malishoni asubuhi ya baridi. Nikatoa simu nikapima muda: sekunde 41 kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa.

Najua wengine mtacheka. Kiti tu? Lakini hebu nisikilizeni. Baba ni mrefu, mama ni mfupi, na gari ni moja. Kila anayeingia ni lazima akisogeze kiti. Nilipomdadisi mama, nikagundua kwamba siku anazochelewa hasubiri tena. Huliendesha gari kiti kikiwa pale baba alipokiacha, yeye ameketi ukingoni na mto mgongoni, akikanyaga breki kwa ncha ya kiatu. Nikamuuliza kama haogopi. "Nimezoea, baba," akanijibu. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi usiku ule.

Aina ya gari sitaitaja, kwa sababu ugonjwa huu hauna kabila. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari mengi hutufikia yakiwa tayari na miaka sita au saba, na sisi huyaendesha miaka mingine kumi, ishirini, hata zaidi. Vitu vya starehe vilivyokuwa fahari ya mnunuzi wa kwanza huko Japani, kama viti vya umeme, vinazeekea mikononi mwetu. Ni sisi tutakaojifunza jinsi vinavyozeeka.

Sasa, fundi alikuwa ameshaliona gari kabla sijafika. Alichomoa plagi ya mota ya kiti, akaweka taa ya kupimia, akabonyeza swichi, taa ikawaka vizuri. "Umeme upo mzee, mota ndiyo imechoka." Baba akatoa pesa. Mota iliyotumika ikanunuliwa Barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan, kwa shilingi 8,500. Kazi ya kuifunga ikawa 2,000. Kiti kikaendelea kujikokota kama kawaida. Nilipofika, mazungumzo yalikuwa yamefikia kununua kiti kizima, kama 35,000 hivi ukibembeleza bei.

Kabla hamjamrukia yule fundi, nawaomba mngoje. Simtetei kwa unafiki. Nitaeleza baadaye kwa nini mimi na yeye ni ndugu. Kwanza niseme msimamo wangu wazi: tatizo letu kubwa katika kutengeneza vitu si ukosefu wa spea wala ukosefu wa mafundi. Ni kwamba hatulipii kujua. Tunalipia kipuri na tunalipia kukifunga. Ile kazi ya katikati, ya kutafuta ugonjwa uko wapi, tunaiona kama kitu cha bure, na kitu cha bure hufanywa kwa dakika mbili.

Tuanze na kiti chenyewe, maana kinafundisha.

Chini ya kiti cha umeme kuna mota ndogo za umeme wa moja kwa moja, kila moja na kazi yake: moja husogeza mbele na nyuma, nyingine huinua, nyingine hulaza mgongo. Swichi yenyewe, katika magari mengi ya zamani, kazi yake ni rahisi: ukibonyeza upande huu, waya mmoja wa mota unapata chanya na mwingine hasi; ukibonyeza upande ule, vinabadilishana, na mota inazunguka kinyume. Mota huzungusha kijigia au skrubu ndefu, na skrubu ndiyo husukuma kiti kwenye reli zake.

Kutoka hapo unaona kwamba kiti kinaweza kuwa kizito kwa njia mbili tu kubwa. Ama mota haipati umeme wa kutosha, au inapata umeme lakini kuna kitu kinaizuia, ndani yake au kwenye gia na reli. Basi. Swali la kwanza la fundi yeyote liwe ni lipi kati ya haya mawili, na swali hilo hujibiwa na mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi. Yangu niliinunua shilingi 800 nikiwa chuoni.

Lakini hapa ndipo mtego ulipo. Unapimaje? Fikiria bomba la maji lililoziba nusu. Ukifunga mdomo wake kwa kidole na kupima shinikizo, utaambiwa shinikizo liko sawa kabisa, kwa sababu maji hayatembei. Fungua maji yatoke, ndipo utaona shinikizo limeanguka. Umeme ni vivyo hivyo. Ukichomoa plagi na kuweka taa ndogo ya kupimia, taa hiyo hunywa mkondo mdogo sana, chini ya ampea moja. Waya uliooza unaweza kupitisha mkondo huo bila shida, taa ikawaka ikakudanganya. Mota ya kiti inayosukuma mtu hunywa ampea kadhaa. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa plagi ikiwa imechomekwa, mtu ameketi, swichi imebonyezwa, mota inafanya kazi.

Nilifanya hivyo. Kwenye betri, mota ikizunguka, nilipata volti 12.3. Kwenye nyaya za mota yenyewe, volti 8.6. Volti 3.7 zilikuwa zimepotea njiani.

Ni nani mwizi? Unamfuata hatua kwa hatua. Niliunganisha waya mrefu kwenye mita nikapima kutoka ncha chanya ya betri hadi waya chanya wa mota, mota ikizunguka: volti 0.6. Hiyo ni ya kawaida kwa gari la umri huo. Kisha kutoka waya hasi wa mota hadi ncha hasi ya betri: volti 3.1. Mwizi amepatikana. Alikuwa upande wa waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Chini ya zulia, karibu na kizingiti cha mlango, kuna boliti moja ambapo nyaya kadhaa hufungwa kwenye bati. Miaka michache iliyopita gari lilipita kwenye mafuriko, maji yakaingia hadi miguuni, zulia likaanikwa juu juu na watu wakasahau. Boliti haikusahau. Ilikuwa na kutu nyekundu, na kishikio cha shaba kilikuwa kimegeuka kijani. Kwa mkondo wa ampea 8, volti 3.1 zinazopotea hapo ni sawa na ukinzani wa takriban omu 0.4 tu. Namba ndogo mno, lakini wati 25 hivi zilikuwa zinageuka joto chini ya zulia kila mama alipobonyeza swichi. Kwa hiyo halikuwa suala la starehe peke yake. Kiungo kinachopata joto namna hiyo huzidi kuharibika, na plastiki ya karibu huweza kuyeyuka.

Utauliza: volti 8.6 ni kama robo tatu ya 12, mbona kiti kisipungue kasi kwa robo tu? Kwa sababu mota haitumii volti zote kwa mwendo. Sehemu ya volti huliwa kwanza na ukinzani wa nyaya za mota yenyewe, na kiasi kinacholiwa hutegemea uzito wa kazi. Kasi hutokana na kinachobaki. Ukipunguza volti tatu kutoka juu, umezipunguza zote kutoka kwenye hicho kilichobaki. Ni kama mshahara: kodi ya nyumba haipungui, kwa hiyo mshahara ukikatwa robo, pesa ya matumizi inaweza kukatwa nusu.

Nilichomoa ncha hasi ya betri, nikafungua boliti, nikasugua bati na kishikio kwa msasa wa shilingi 30 mpaka vikang'aa, nikafunga tena kwa nguvu, nikapaka juu yake mafuta ya mgando niliyoyaomba chumbani kwa mama ili unyevu usirudi. Nikapima tena: volti 11.6 kwenye mota. Kiti kikaenda kwa sekunde 17.

Sasa niungame. Kabla ya kupima, mimi mwenyewe nilikuwa nimepoteza mchana mzima nikisafisha reli na kupaka grisi mpya, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba viti vizito ni grisi iliyokauka. Kiti kilitoka sekunde 41 hadi 36. Nilifurahi kidogo, nikadhani niko njiani. Kumbe nilikuwa nafanya kosa lile lile la fundi, tofauti ni kwamba dhana yangu ilikuwa ya bei nafuu kuliko yake.

Tusielewane vibaya. Grisi ni chanzo cha kweli. Ile ya kiwandani ikikaa miaka ishirini na kuchanganyika na vumbi hugeuka ulimbo, na katika gari lingine ndiyo ingekuwa ugonjwa wenyewe. Ukipima mota ikizunguka na ukakuta volti 11.5 au zaidi lakini kiti bado ni kizito, achana na nyaya, nenda kwenye reli, skrubu na gia. Futa grisi ya kale kwa kitambaa na brashi ya zamani ya meno, toa sarafu na maganda ya njugu yaliyoanguka humo, paka grisi mpya kiasi. Usimwage petroli ndani ya gari. Ukiona upande mmoja wa kiti unatangulia mwingine, angalia waya wa chuma unaozunguka ndani ya ala yake na kupeleka nguvu ya mota kwenye reli ya pili. Katika viti vingi mota ni moja na reli ni mbili. Kama hayo yote ni mazima, ndipo ushuku brashi za kaboni ndani ya mota. Na kama volti zimepotea upande wa chanya, shuku swichi. Swichi iliyo ubavuni mwa kiti imekunywa chai na soda nyingi katika maisha yake.

Na jambo hili ni la lazima, usiliruke: magari mengi ya kuanzia miaka ya tisini yana mifuko ya hewa, na mengine yana mfuko ndani ya kiti chenyewe au kifaa cha kukaza mkanda chenye baruti ndogo. Plagi zake kwa kawaida ni za rangi ya manjano. Hizo usiziguse na usiziwekee mita kamwe. Ukihitaji kukitoa kiti, zima gari, chomoa ncha hasi ya betri, na ungoje muda ule ambao kitabu cha gari lako kinasema. Ukiwa hujui waya upi ni upi, mwite anayejua. Pia usiendeshe mota mfululizo wakati wa kupima. Zimeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha zipumzike.

Nilisema mimi na yule fundi ni ndugu. Miaka miwili iliyopita chama kimoja cha wakulima wa maziwa kiliniita. Mfumo wao wa malipo ulikuwa unajikokota, na mwisho wa mwezi wakulima walipanga foleni mpaka nje wakisubiri karani afungue akaunti moja moja. Niliingia, nikaangalia dakika chache, nikasema seva imezeeka. Wakanunua seva mpya, shilingi 180,000. Mfumo ukawa mwepesi kidogo. Baada ya miezi mitatu ukawa mzito tena.

Safari ya pili niliona aibu nikakaa chini nikaiuliza hifadhidata yenyewe inatafutaje rekodi. Ikanionyesha kwamba kwa kila mkulima mmoja ilikuwa inasoma jedwali zima la maziwa yaliyoletwa tangu chama kianze. Hakukuwa na faharasa kwenye namba ya mwanachama. Ni kama kutafuta neno kwenye kamusi isiyofuata alfabeti. Niliongeza mstari mmoja wa amri, na kilichochukua karibu dakika nzima kikachukua chini ya sekunde moja. Na mimi nilikuwa nimeujaribu mfumo ule jioni, ofisi ikiwa tupu, nikiwa mtumiaji peke yangu, nikaona "umeme upo". Taa ya kupimia, sivyo?

Lakini sehemu inayoniuma zaidi ni ankara. Kwa seva nililipwa bila swali, kwa sababu watu waliiona ikishushwa kwenye gari, ina taa, ina sanduku. Kwa ule mstari mmoja sikujua niandike nini. Nikiandika 20,000 wataniuliza, kwa kazi ya dakika arobaini? Nikaandika 3,000 nikaondoka. Yaani nililipwa vizuri nilipokosea, na nikalipwa nauli nilipopatia. Fundi wa baba naye yuko hapo hapo. Angetumia saa mbili na mita, akapata boliti, akaisugua, angemwambia baba alipe kiasi gani? Mia tatu? Mteja angesema "si umekwaruza boliti tu?" Lakini akileta mota, ana faida kwenye mota na ana pesa ya kufunga. Sisi wateja ndio tuliomfundisha kubadilisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo letu ni kwamba tunajenga ukuta kabla hata ya kuutafuta ufa, kisha tunashangaa ukuta mpya nao una ufa.

Kuna watakaosema dawa ni kompyuta: lipige gari kompyuta, litasema lenyewe. Mimi hula kwa kompyuta, kwa hiyo sina chuki nazo. Lakini ile plagi ya uchunguzi, iliyokuwa lazima kwa magari mapya ya abiria Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996, iliwekwa hasa kwa ajili ya injini na moshi wake. Kiti cha zamani kinachoendeshwa na swichi na nyaya tupu hakina cha kuripoti. Hata kwenye magari mapya, ambapo kiti kina kompyuta yake, itakuambia labda volti ziko chini. Haitakuambia kwamba chini ya zulia kuna boliti iliyokumbuka mafuriko. Hapo panahitaji mtu anayepiga magoti.

Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu ubunifu wa vitu vya kila siku, alisifu swichi ya kiti ya Mercedes-Benz kwa sababu imeundwa kwa umbo la kiti chenyewe: ukitaka mbele pa kiti painuke, unainua mbele pa swichi. Ni kweli ni kazi nzuri, na sisi waandishi wa programu tumejifunza mengi kutoka kwa mifano kama hiyo. Lakini swichi nzuri hukuonyesha la kufanya kiti kikiwa kizima. Kikiugua, hainyanyui mkono kusema. Wepesi wa kutumia kitu haumfundishi mtu wepesi wa kukitengeneza.

Wengine watasema gari ni la zamani, liuzwe. Sawa, kama una pesa. Wengine watasema wakati mwingine kubadilisha ni nafuu kuliko kutafuta, na hapo nakubali: fyuzi ya shilingi 20 siwezi kuitafutia falsafa. Lakini kipimo kiwe hiki: kama kipuri kinagharimu kuliko saa mbili za fundi, mlipe fundi saa mbili kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Wewe mteja, ukifika gereji, usiulize "mota ni pesa ngapi?" Sema: "Nitakulipa elfu moja unionyeshe kwa mita tatizo liko wapi, ukitengeneza au usitengeneze." Utashangaa jinsi mazungumzo yatakavyobadilika. Na wewe fundi, wa magari au wa programu, andika kwenye ankara mstari wake peke yake: uchunguzi. Weka bei bila kuona haya, na weka namba chini yake: volti 8.6 kabla, 11.6 baada, sekunde 41 kabla, 17 baada. Mteja akiona namba, anajua amenunua nini. Mimi nimeanza. Mteja wa kwanza alinung'unika. Wa pili hakusema kitu.

Nilimpigia fundi wa baba nikamweleza nilichokikuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ulipima ukiwa umechomeka plagi?" Nikasema ndiyo. "Haya kijana, hiyo sikufanya." Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: gari lingine, dirisha zito, waya wa ardhi mlangoni. Hakununua mota.

Ile mota ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye kabati la sebuleni kando ya televisheni. Baba amekataa itupwe. Anasema ni ya shilingi 10,500. Na mama sasa akiingia garini hubonyeza, hungoja sekunde 17, kisha hukanyaga breki kwa unyayo mzima kabla ya kuwasha gari. Mto ameurudisha kwenye kochi.